Leo Asubuhi Umemeza Zipi?

Nitamwita Sajini. Ndicho cheo alichoondoka nacho jeshini, na ndivyo anavyopenda kuitwa mpaka leo, akiwa na miaka 75. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Dawa, vipimo na makosa yetu nimeviacha vilivyo, kwa sababu hivyo ndivyo vya kuchambua. Ninaandika hasa kwa wauguzi wenzangu wa Kiswahili, walio huku Marekani na walio nyumbani.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Mzee mwenye presha alikuja kliniki mara tatu ndani ya miezi minne. Kila mara presha ilikuwa juu, kila mara dawa ikapandishwa, na wakati huohuo nyumbani kwake alikuwa anaanguka kwa sababu presha inashuka mno. Vipimo vilivyofanya dawa ipandishwe nilivipima mimi. Swali ambalo lingezuia yote hayo lilikuwa langu pia, na nilikuwa naliuliza vibaya.

Kwanza kazi yenyewe, maana nyumbani wengi wakisikia "nesi wa Marekani" hudhani ni kazi moja. Mimi ni LPN: muuguzi mwenye leseni aliyesoma karibu mwaka mmoja na kufaulu mtihani wa NCLEX-PN. Texas na California wanamwita LVN. Ninapima, ninachoma sindano, ninafunga vidonda, ninakusanya taarifa na kuripoti. Tathmini kamili ya mgonjwa ni kazi ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, mwenye masomo marefu kuliko yangu, na uamuzi wa dawa ni wa daktari. Siruhusiwi kumwambia mgonjwa aache kidonge wala aongeze, hata kama jibu naliona wazi. Mpaka huo nauheshimu, na utaonekana katika kisa hiki.

Nilifanya kazi miaka sita katika nyumba za kutunzia wazee kabla ya kupata uraia, kwa kuwa serikali kuu kwa kawaida huajiri raia. Sasa niko katika kliniki ndogo ya serikali hiyo, ya huduma za msingi kwa wanajeshi wa zamani, katika mji mdogo wa jimbo la kaskazini lenye baridi kali. Tangu 2010 mfumo wa afya wa wanajeshi wa zamani umekuwa ukihudumia kwa timu ndogo zinazoitwa PACT: daktari au muuguzi mwenye mamlaka ya kuandika dawa, RN mmoja, LPN au msaidizi wa kitabibu, na karani. Mgonjwa ni wa timu, na daktari mmoja wa muda wote hubeba wagonjwa wapatao 1,200. Mimi ndiye mtu wa kwanza mwenye leseni kukaa na mgonjwa mlango ukiwa umefungwa. Nina kama dakika kumi na tano hivi kabla daktari hajabisha hodi.

Dakika hizo zimejaa. Jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, presha, mapigo ya moyo, joto, oksijeni, uzito, maumivu kutoka 0 hadi 10. Orodha ya dawa. Kisha vikumbusho vya kompyuta: maswali mawili ya sonona, matatu ya pombe, maswali ya kiwewe cha vita, ya kutaka kujiua, ya makazi, ya chakula, ya sigara, chanjo, na sumu alizokutana nazo jeshini. Sivilaumu vikumbusho hivi hata kidogo. Nimeona swali la pombe likimfungua mtu aliyekuwa amefunga mdomo miaka ishirini. Ila kuna namna ya kuyasoma maswali huku macho yako yakiwa kwenye skrini na vidole vikisubiri jibu, na mgonjwa akiona hivyo hukupa jibu fupi ili usonge mbele. Anakuhurumia.

Sajini amekuwa na presha kwa miaka mingi. Alikuwa akitumia lisinopril miligramu 10 na kidonge cha mkojo, yaani dawa ya kupunguza maji mwilini, chlorthalidone miligramu 12.5. Usiku alikuwa na prazosin, iliyoandikwa na daktari wa afya ya akili kwa sababu ya ndoto za kutisha. Prazosin yenyewe kwa asili ni dawa ya kushusha presha. Kwa hiyo mzee huyu ana vitu vitatu mwilini vinavyovuta presha chini, viwili vya asubuhi na kimoja cha usiku.

Oktoba alikuja, nikapima 166/90. Lisinopril ikapandishwa hadi 20. Desemba nikapima 170/88, ikapandishwa hadi 40. Januari 172/92, kidonge cha mkojo kikapandishwa hadi 25. Mara zote tatu nilimuuliza, "Sajini, unatumia dawa zako zote kama ulivyoandikiwa?" Mara zote tatu akajibu, "Ndiyo, nesi." Mara zote tatu nikabofya kisanduku cha ndiyo. Mtu anayesoma faili hilo anamwona mgonjwa mtiifu ambaye dawa hazimfanyii kazi, na kwa mgonjwa kama huyo daktari yeyote mwema ataongeza dawa.

Mara ya nne ilikuwa mwishoni mwa Februari. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, naye alikuwa ameendesha gari saa moja na dakika arobaini. Alikaa kwenye kiti akiwa amevaa fulana ya mikono mirefu na shati zito la flaneli juu yake, akakunja nne. Nikafunga mkanda wa mashine juu ya nguo, kama nilivyokuwa nimefanya Januari. Mashine ikatoa 174/92.

Kilichonizuia kuandika ni mguu wake. Ulikuwa unatikisika. Nikamuuliza, "Sajini, unataka kwenda msalani?"

"Nimejibana tangu barabara kuu," akasema.

Alipotoka nikamwomba apandishe mkono wa shati. Haukupanda, kwa hiyo nikamsaidia kulivua shati, kisha nikakunja ile fulana. Kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko kushuka karibu na kifundo, kulikuwa na alama pana ya kuvilia damu, katikati zambarau, pembeni imeshaanza kuwa ya kijani na manjano. Alama ya manjano si ya jana. Nikamuuliza kama ameanguka. Akasema hapana. Nikamuuliza mkono umefanya nini.

"Sikuanguka. Nilikaa chini ghafla, usiku, pembeni ya kitanda. Mkono ukagonga meza."

"Mara ngapi umekaa chini ghafla tangu Krismasi?"

Akahesabu kwa vidole. Vinne.

Kwenye faili, chini ya swali la kuanguka, palikuwa na "hapana" tatu, zote za mkono wangu. Hakudanganya. Kwa mwanamume wa umri wake, kuanguka ni kule kwa barafu mbele ya duka, watu wanakuja kukuinua. Kuteleza chini ukishikilia godoro, saa tisa usiku, peke yako, si kuanguka. Tangu siku ile sitaji neno hilo kwanza. Nauliza kama kuna siku alijikuta sakafuni bila kupanga.

Nikamwomba aegemeze mgongo, akunjue miguu, aiweke yote miwili chini. Mkono nikauweka juu ya meza ukiwa usawa wa moyo. Nikachagua mkanda unaolingana na mkono wake, nikaufunga kwenye ngozi. Halafu tukakaa kimya dakika tano. Kila muuguzi amefundishwa haya shuleni: kibofu kilichojaa hupandisha kipimo, kukunja nne hupandisha, mkono unaoning'inia hupandisha, kuongea hupandisha, mkanda mdogo hupandisha. Tunayajua yote. Lakini dakika tano za kukaa kimya na mtu chumbani, huku kompyuta ikisubiri, ni ndefu kuliko unavyodhani. Nilikigeuza kiti changu nikaipa skrini mgongo, kwa sababu nilijua nikiiona nitaanza kuuliza.

Ikatoka 158/86. Imeshuka, lakini bado iko juu. Hapo ningeweza kuridhika kwamba nimepima vizuri, nikaandika, nikaondoka, na bado ningekuwa nimekosea.

Nikamuuliza, "Leo asubuhi umemeza zipi?"

Akaniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu. "Leo? Leo sijameza. Leo nina safari."

Nilihisi tumbo likinigeuka. Nikamwomba anieleze polepole. Akasema kile kidonge cha mkojo kinamsimamisha kila baada ya dakika ishirini, na kati ya kwake na kliniki kuna sehemu ndefu isiyo na kituo cha mafuta. Kwa hiyo siku za kuja kliniki hakimezi. Na hivi karibuni hajui tena kipi ni kipi, vyote vyeupe, basi anaviacha vyote mpaka arudi.

Oktoba, Desemba, Januari. Siku tatu ambazo hakumeza dawa ndizo siku tatu nilizompima. Siku nyingine zote za miezi ile minne alimeza, na hakuna mtu aliyempima.

Miguuni pake palikuwa na mfuko wa plastiki. Tunawaomba wagonjwa waje na chupa zao, naye alikuwa anakuja nazo kila mara. Hili ndilo linaloniuma zaidi ya yote: mfuko ule sikuwahi kuufungua. Mimi nilikuwa nasoma orodha kwenye skrini, yeye anatikisa kichwa, mfuko uko chini umefungwa fundo. Siku ile niliumimina mezani. Zilikuwa chupa kumi na moja.

Nilichokiona kwanza ni vifuniko. Baadhi vilikuwa vimechorwa kwa kalamu nene nyeusi, vingine jua dogo lenye miale, vingine mwezi mwandamo. Vingine havikuwa na kitu. Nikaanza kuzipanga kwa tarehe. Chupa zote zenye jua na mwezi zilikuwa za kabla ya Septemba. Chupa zote zisizo na mchoro zilikuwa za baada ya hapo. Lisinopril ilikuwa na chupa tatu: ya 10 yenye jua, ya 20 na ya 40 bila mchoro. Nikamuuliza anameza ipi. Akazishika ya 20 na ya 40, zote mbili. Daktari alikuwa amemwambia atapandishwa hadi 40, naye akaelewa kwamba ameongezewa chupa. Alikuwa anameza miligramu 60.

Msidhani ni tatizo la wazee wa Kizungu. Hata kwetu mtu akisema "daktari ameniongezea dawa," huwezi kujua kama ameongezewa kipimo cha dawa ileile au amepewa dawa nyingine juu yake, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Ukimtuma mgonjwa nyumbani na chupa mpya bila kumwambia chupa ya zamani aifanyeje, umeacha nusu ya maelekezo mdomoni.

"Nani alichora haya majua?" nikauliza.

"Mke wangu. Alifariki Septemba."

Nilimwambia pole kwa Kiswahili kwanza, ikanitoka yenyewe, kisha nikatafuta la kumwambia kwa Kiingereza. Akasema wakati wa mkewe, siku za safari yeye mke ndiye alikuwa anakitoa kidonge cha mkojo pekee, anakiweka kwenye kijisahani jikoni, na wakirudi anampa. Vingine vyote alimeza kabla ya kuondoka. Tatizo tulilokuwa tunapigana nalo miezi minne lilikuwa limeshatatuliwa na mke wake, kwa kalamu na kijisahani, miaka mingi kabla.

Nikageukia kompyuta. Hali ya ndoa: ameoa. Mtu wa kupigiwa simu ya dharura: namba ya marehemu.

Sikumwambia aache dawa yoyote. Nilimwambia akae, nikaenda kwa RN wetu, tukarudi pamoja. Tulimlaza dakika tano: 156/84, mapigo 68. Akasimama. Baada ya dakika moja, 138/78. Baada ya dakika tatu, 130/74, mapigo 74. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni presha inayoporomoka mtu anaposimama. Yake ilishuka 26, na hapo alikuwa hajameza kidonge hata kimoja cha asubuhi. Alishika ukingo wa kitanda akasema, "Hapa ndipo huwa nakaa chini."

Nilimkuta daktari koridoni. Naandika nilivyomwambia, kwa sababu mwenzangu anayeanza kazi anaweza kuhitaji mfano: "Daktari, kabla hujaingia kwa Sajini. Kipimo cha kwanza ni 174/92 lakini kibofu kilikuwa kimejaa na mkanda ulikuwa juu ya nguo. Kilichopimwa sawasawa ni 158/86, na leo hajameza dawa yoyote ya asubuhi. Siku zote za kliniki hamezi. Nyumbani anameza lisinopril 20 na 40 pamoja. Amejikuta sakafuni mara nne tangu Krismasi. Akisimama inashuka 26, RN amehakikisha. Mke wake alifariki Septemba, yeye ndiye aliyekuwa akipanga dawa. Chupa zote ziko mezani." Haikuchukua hata dakika. Daktari alikuwa tayari ameshafikiria kumwanzishia dawa ya nne, amlodipine. Alisimama pale koridoni kwa muda, kisha akaingia bila laptopu.

Hakuongeza kitu. Lisinopril ikarudi 20, chupa moja. Kidonge cha mkojo kikarudi 12.5. Damu ikachukuliwa siku ileile kuangalia potasiamu na figo. Prazosin hakuigusa mpaka azungumze na daktari wa afya ya akili aliyeiandika, kwa sababu mzee bila dawa hiyo halali, na kuikata ghafla kungemtoa shimo moja na kumtia jingine. Chupa zilizozidi Sajini alikubali tuziteketeze, isipokuwa moja, ile ya lisinopril 10 yenye jua. Tulitoa vidonge, tukamwachia chupa.

Baada ya kujua habari za mkewe, niliyarudia maswali mawili ya sonona. Oktoba, mwezi mmoja tu baada ya mazishi, alikuwa amepata sifuri. Safari hii niliuliza nikimtazama, na nilikaa kimya baada ya kila swali. Alipata 3 kati ya 6, na kuanzia 3 tunalazimika kuendelea. Maswali ya kujiua yalikuwa hapana, tena hapana yenye maelezo, si ile ya haraka. Alionana na afisa ustawi wa jamii wa afya ya akili mchana uleule, na nikamwandikia namba ya simu ya dharura ya wanajeshi wa zamani, 988 kisha 1, kwa herufi kubwa anazoweza kusoma bila miwani.

Wenzangu wawili niliowasimulia kisa hiki walisema kosa ni la mgonjwa: angesema. Kwetu tuna methali tayari kwa ajili yake, mficha maradhi kifo humuumbua. Siikubali hapa. Sajini hakuficha maradhi. Alijibu kila alichoulizwa, na alibeba mfuko wa ushahidi mpaka miguuni pangu mara nne. Swali langu ndilo lililokuwa bovu. "Unatumia dawa zako zote kama ulivyoandikiwa?" linapima utiifu. Ukimuuliza hivyo mtu aliyeishi jeshini, ni kama umemuuliza kama anatii amri, na jibu ni moja. Tena lina jibu ambalo muuliza anataka kulisikia, na wagonjwa wanalijua kuliko sisi. "Leo asubuhi umemeza zipi?" halina jibu la kupendeza. Lina orodha tu.

Mama yangu yuko Tanga, naye ana presha. Kwa miaka nilikuwa namuuliza kwa simu, "Mama, dawa unakunywa?" Ananijibu, "Nakunywa, mwanangu." Wiki ileile ya Sajini nilimpigia nikamuuliza jana alimeza nini. Akasema jana hakuumwa kichwa.

Kosa la pili ni la kupima. Utaratibu wetu ulinitaka nirudie kipimo kikizidi 140/90, na nilirudia kila mara. Nilirudia nikiwa na mgonjwa yuleyule, shati lilelile, kibofu kilekile. Kurudia kwa namna hiyo kunakipa kipimo kibovu shahidi wa pili, basi. Daktari akiona 172 na 170 zimefuatana anasadiki, na ana haki ya kusadiki.

Kuhusu muda nitasema ukweli. Siku ile nilichelewa. Wagonjwa wawili walingoja, mmoja akamlalamikia karani, na hakukosea. Lakini miezi minne ya kumpandishia dawa isiyohitajika ilitula muda mara tatu, na kama angevunjika nyonga angekula wiki hospitalini, pengine asirudi nyumbani kwake kabisa. Sasa naanza na msalani na mkanda, na wakati wa kupumzika nakaa kimya. Vikumbusho vinafuata baadaye. Mfuko namimina. Inanichukua kama dakika nne zaidi kwa mgonjwa mwenye dawa nyingi, na kwa wengi wao siipotezi, kwa sababu daktari hulazimika kurudi nyuma mara chache zaidi.

Kuna jambo moja lilijitokeza pembeni ambalo sitaki lipotee. Katika maswali ya sumu, Sajini alisema hayamhusu, yeye hakuwa Vietnam, alikuwa mlinzi kwenye kambi ya ndege Thailand 1969 na 1970. Kwa miaka alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba dawa ya kuua majani, Agent Orange, inahesabiwa kwa waliokanyaga Vietnam tu. Sheria ya PACT iliyotiwa saini 10 Agosti 2022, yenye jina la Sajini Heath Robinson, ilibadilisha hilo. Waliohudumu kwenye kambi za kijeshi Thailand kati ya 9 Januari 1962 na 30 Juni 1976 sasa wanahesabiwa, na presha yenyewe imeingizwa katika maradhi yanayochukuliwa kuwa yametokana na sumu hiyo. (Jina la sheria na jina la timu zetu yanafanana herufi kwa herufi, na huwachanganya hata wafanyakazi. Hayana uhusiano.) Kujaza madai si kazi yangu, na sikumwahidi kitu. Nilimwelekeza kwa afisa wa kaunti anayewasaidia wanajeshi wa zamani. Alikuwa ameendesha gari kupita mbele ya ofisi hiyo kila mara alipokuja kwetu.

Mfamasia wa timu alimpigia baada ya wiki, na tena baada ya wiki mbili. Alitumiwa mashine ya presha ya nyumbani, na RN alimfundisha kuitumia kwa video, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha jikoni. Binti yake anayeishi jimbo jingine aliwekwa kuwa mtu wa dharura, kwa ridhaa yake. Vipimo vya nyumbani mwezi wa kwanza vilikuwa kati ya 128 na 142. Hajajikuta sakafuni tena, na sasa anakaa ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama usiku. Kuhusu safari, daktari alikubaliana naye jambo ambalo mke wake alikuwa ameshaligundua: ameze lisinopril asubuhi kama kawaida, na kidonge cha mkojo akimeze akirudi. Miadi mingine inafanyika kwa video, na hapo hakuna cha kuacha.

Fomu yetu bado ina kile kisanduku cha ndiyo au hapana. Nimeomba kibadilishwe, nimeambiwa ombi limepokelewa. Kwa sasa nakijaza kama inavyotakiwa, kisha chini yake naandika kwa maneno.

Mei alikuja mwenyewe. Aliumimina mfuko mezani kabla sijamwomba. Chupa zilikuwa nne, na kila kifuniko kilikuwa kimechorwa. Majua yalikuwa makubwa mno, miale mingine imevuka ukingo wa kifuniko ikashuka pembeni. Ameketi, 134/76. Amesimama dakika tatu, 126/72. Niliandika: "Leo asubuhi amemeza lisinopril 20, saa moja. Prazosin jana usiku. Kidonge cha mkojo kiko kwenye kijisahani, atameza akifika nyumbani."